Mikeka ya Jumamosi

Siku ya tatu baada ya kumzika Wairimu, binti yake Nyambura aliniita chumbani, akafunga mlango, akanipa daftari. Nje, katika ua wao mdogo wa Kiuu, akina mama wa kanisa walikuwa bado wanasugua masufuria ya mazishi na kubishana ni nani aliyezidisha chumvi kwenye maharagwe. Nyambura alisema mama yake alikuwa ameliweka chini ya godoro, ndani ya mfuko wa unga, na kwamba mara mbili, akiwa tayari mgonjwa, alimwonya asimpe mtu mwingine yeyote. Nililijua kabla sijalishika. Daftari la shule, jalada la kijivu lililolainika kama kitambaa, jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani mlikuwa na mwandiko wangu wa usichana, ule wa kulala upande tuliofundishwa chuoni, na mistari niliyopiga kwa rula: siku, saa, mara ngapi. Jumatatu, kabla ya kengele, mara hamsini. Jumanne, watoto wakiandika insha, mara hamsini. Jumatano, mara mia. Ukiligeuza daftari kichwa chini na kuanzia nyuma, unakuta mkono mwingine, herufi kubwa kama mawe: a, e, i, o, u, ma, me, mi, mo, mu. Nyambura, ambaye naye sasa ni nyanya wa watoto watano, alinitazama usoni. "Hii ilikuwa hesabu ya nini, Mwalimu?" Hayakuwa maneno ya kusema huku nje ya mlango kukiwa na viti vya kukodi na wageni wanaotafuta chaja za simu zao. Nilimwambia nitamwandikia.

Mwaka wa daftari hilo, wakati wa Hali ya Hatari, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miezi michache tu, na cheti changu nilikuwa nimekifunga ndani ya karatasi tatu nikiogopa kitashika unyevu. Nilikuwa mtu wa kuogopa unyevu. Nilipangiwa shule ya shamba la kahawa huko Ruiru, darasa moja la mabati na chumba cha mwalimu kilichoshikana nalo, mikahawa ikianza hatua kumi kutoka mlangoni. Mume wangu, Festo, alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha kufungia mananasi Thika, na kampuni ilikuwa imempa chumba kimoja katika nyumba za mstari, upande wa Kamenu. Sisi ni watu wa magharibi. Tulioana kanisani kwetu, tukapanda treni siku nne baadaye, na maisha yetu ya ndoa yakawa ya Jumamosi na Jumapili. Jumamosi asubuhi nilipanda basi hadi Thika. Jumapili jioni nilirudi Ruiru na nanasi mkobani, mara nyingi lile lililokataliwa kwa sababu ya kovu. Mikono ya Festo ilikuwa imeliwa na maji ya mananasi, ngozi ya vidole imechubuka na kuwa nyekundu, na hata akijiosha mara ngapi alinukia utamu. Hadi leo nikikata nanasi jikoni huwa nasimama kidogo, kisu mkononi.

Nitasema sasa jambo ambalo daftari linalizunguka. Tulipojaribu kuwa mume na mke, haikuwezekana. Si kwamba sikumpenda, wala si kwamba alikuwa mkali. Mtu mpole kuliko Festo sijamwona. Lakini akinikaribia tu mwili wangu ulijifunga bila mimi kuuambia, na pale ulipojifunga palikuwa na maumivu kama ya kidonda kilichotiwa pilipili. Festo aliacha. Alisema pole. Wiki iliyofuata tulijaribu tena, ikawa vilevile, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa naanza kuiogopa Jumamosi tangu Alhamisi. Nilikuwa nasahihisha hesabu za watoto na huku kichwani napanga sababu. Pengine ni kwa kuwa niliolewa nikiwa bado nadaiwa msamaha na dada yangu. Pengine ni baiskeli ya chuoni. Pengine nimezaliwa bila njia, na nikipimwa nitaandikwa kwenye kitabu. Nilipochoka na sababu hizo nilianza upya kwa mpangilio mwingine, kama mtu anayepanga masanduku yaleyale chumba kizima.

Na sikuwa na maneno. Leo wajukuu wangu wanasema kila kitu, kwa Kiingereza kilichochanganywa na lugha yao ya mtaani, na siwalaumu, nawaonea wivu. Mimi nilikuwa na lugha tatu na zote zilinitupa. Katika lugha ya nyumbani, sehemu ile ilikuwa na jina moja tu, na jina hilo lilikuwa tusi. Katika Kiswahili nilijua yale yaliyosemwa na makuli wakigombana. Katika Kiingereza, ambacho kilinipatia cheti, nilijua sehemu zote za ua, pamoja na chavua, lakini somo la afya lilishuka hadi tumboni likaruka moja kwa moja hadi magotini.

Habari za tiba nilizisikia mferejini. Nyumba za kampuni zilikuwa na mfereji mmoja kwa mstari mzima, na Jumamosi wanawake walikaa pale muda mrefu kuliko walivyohitaji maji. Jirani yetu, Mama Atieno, alikuwa mtu wa Nyanza mwenye kicheko cha kuamsha mstari mzima, na hakuwa na subira na mimi. "Bibi ya Festo, Bibi ya Festo, tutakuita hivyo mpaka lini?" aliniambia, ndoo yangu ikiwa bado haijajaa. "Tupatie mtoto tukuite jina la watu." Wengine walicheka, na mimi nilicheka nao, maana ukikataa kucheka mferejini umekwisha. Halafu akageukia mwenzake na kuendelea na hadithi aliyokuwa nayo kabla sijafika: jinsi alivyopasuka kwa mtoto wa tatu, na jinsi baadaye mumewe akimkaribia aliona nyota mchana, hadi alipopelekwa kwa Mama Mikeka hospitalini. Huko walimlaza chini, wakamfundisha kazi fulani ya mwili, na sasa, alisema, mzee hana malalamiko. Walicheka tena. Mimi maji yalikuwa yamefurika kwenye ndoo na yananiloa miguu.

Mama Mikeka lilikuwa jina alilopewa na wagonjwa. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye viatu vya kiume, aliyekuja kutoka Nairobi kila Jumamosi kunyoosha watoto waliopooza miguu na wafanyakazi walioumizwa na mashine. Hospitali ilimpa stoo ya zamani yenye sakafu ya saruji, akatandika mikeka sita, akatundika shuka mbili kubwa za wodi kwenye waya katikati. Upande mmoja ulikuwa wa migongo na miguu. Upande wa pili ulikuwa wa kina mama waliojifungua. Nilijipanga foleni nikiwa nimeandaa sentensi moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, nimezikariri tangu Ruiru. Nilipofika mezani, nilimkuta Yosia.

Yosia alikuwa karani na mkalimani, na alitoka kwenye kilima kinachotazamana na cha kina Festo. Watu wa vilima hivyo viwili walikuwa wakizikana kama ndugu. Aliponiona alisimama kwa furaha, akaniita mulamwa, yaani shemeji, akauliza habari za Festo, habari za nyumbani, na kama mvua imefika kule. Kisha akashika penseli. "Haya, mulamwa, unaumwa wapi nimwambie memsahibu?" Ningeweza kusema nazungumza Kiingereza. Lakini siku hizo Mwafrika hakumwendea Mzungu moja kwa moja kama mkalimani yupo, na hata ningemwendea, Yosia angesimama palepale, penseli mkononi, na barua zake za nyumbani zilikuwa ndefu. Nilisema mgongo. Akaandika mgongo. Nikapelekwa upande wa migongo.

Kwa hiyo nilitibiwa mgongo usiokuwa na ugonjwa. Nililala kwenye mkeka, mpagazi wa reli upande huu na mzee wa mkonge upande ule, nikiinua mguu mmoja mmoja, huku masikio yangu yote yakiwa upande wa pili wa shuka. Huko Mama Mikeka alikuwa akiamuru kwa Kiswahili chake cha mashambani, kilichokuwa na amri tupu ndani yake. "Kaza! Moja, mbili, tatu, nne, tano." Mama mmoja aliuliza akaze nini, mbona haoni kitu cha kukaza. Sauti nyingine ikajibu, sauti ya chini yenye kicheko ndani yake, sauti ya Kikuyu: "Kaza kama wewe iko na mkojo na chifu anapita." Mikeka yote ilicheka, hata mpagazi wa reli. Huyo alikuwa Wairimu, msaidizi aliyekunja mikeka na kufua shuka. Sikumwona bado, niliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na lilikuwa kosa la mwanafunzi mzuri. Nilifikiri hivi: wale wanaumwa kama mimi, wale wanaambiwa wakaze, basi dawa yangu ni kukaza. Kuna neno lingine lililofuata kila hesabu, lakini Mama Mikeka alilisema polepole, karibu kama pumzi, na katikati ya vicheko halikunifikia, au lilinifikia nikaliona si muhimu. Chuoni tulifundishwa kwamba amri ndiyo somo. Nilirudi Ruiru, nikachukua daftari jipya, nikapiga mistari kwa rula. Nilikaza kabla ya kengele. Nilikaza watoto wakiimba jedwali la saba. Nilikaza nikichambua mboga, nikiwa kanisani, nikiwa kwenye basi. Wiki ya tatu nilikuwa na mara mia mbili na hamsini kwa siku, na uchungu ulikuwa umezidi. Sasa hata kukaa kwenye kiti cha darasani kuliuma. Nikahitimisha kwamba sijitahidi vya kutosha. Ukurasa unaofuata wa daftari umejaa mia, mia, mia, na naona jinsi nilivyoibonyeza kalamu.

Mwezi wa nane Senge akaja. Senge ni shangazi, dada ya baba yake Festo, na kwetu ndiye mwenye haki ya kuuliza yale ambayo mama hawezi kuyauliza. Alishuka kwenye treni Jumapili na unga wa wimbi, ufuta, uyoga mkavu na kuku aliye hai, akaniangalia kiunoni kabla ya kuniangalia usoni. Alikaa wiki nzima na Festo nikiwa Ruiru. Nilipofika Jumamosi alikuwa ameketi juu ya kitanda chetu akichambua uyoga, na chumba chote kilinukia nyumbani kwa namna ambayo ingenifurahisha siku nyingine. Alinipokea vizuri, akanikalisha karibu naye, akanisifu kwa mkono wangu mzuri wa kuandika barua. Hakuniuliza lolote. Mtu anayefikiri sana huogopa zaidi asipoulizwa.

Jikoni kulikuwa nyuma, kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa chumba, na kuta za nyumba zile hazikufika juu. Kati ya ukuta na paa mliachwa nafasi ya kupitisha hewa, na maneno pia. Nilikuwa nasonga ugali. Nilimsikia Senge akisema kwa lugha yetu, bila ukali, kama mtu anayepanga safari, kwamba nyumbani wanauliza. Mwaka unakatika. Kuna binti wa jirani amemaliza darasa la nne, ana mwili mzuri na adabu. Hakuna anayesema mwalimu afukuzwe; mwalimu abaki na kazi yake. Lakini Desemba, mtakaporudi kwa sikukuu, jambo hili liwe limesemwa. Nilingoja Festo aseme ndiyo. Kama angesema ndiyo nisingemlaumu, nilikuwa nimeshamwandalia sababu zote. Nikasikia kisu chake kikikata nanasi, kisha kikasimama.

"Senge, kosa si lake," alisema. "Ni langu. Mimi ndiye sina nguvu."

Sijui kama msomaji wa leo ataelewa mwanamume wa kwetu amesema nini hapo. Ni heri angesema ameiba. Senge alipojibu sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usilirudie hilo," alimwambia. "Hata ukiwa peke yako." Ugali wangu ulikuwa umeshaungua chini. Niliupakua hivyohivyo, tukala sote watatu bila kulitaja, Senge akisukuma ukoko pembeni mwa sahani kwa kidole.

Wiki ile sikuandika kitu daftarini. Kichwa changu kilikuwa kimepata kazi nyingine. Uongo wa Festo ulikuwa umepanda treni na Senge. Hata kama Senge angejifunga mdomo, angemwambia ndugu mmoja, kwa huruma, na ndugu huyo angemwambia mkewe. Desemba Festo angetembea kwenye kilima chao na vijana wangecheka nyuma ya mgongo wake, naye angejua, na angenyamaza, kwa ajili yangu. Aibu yangu niliyokuwa nimeifunga kwa karatasi tatu alikuwa ameichukua yeye, akaivaa mbele ya watu. Kwa mara ya kwanza nilifikiri jambo moja tu mpaka mwisho wake: lazima niseme, na lazima iwe kabla ya Desemba.

Jumamosi iliyofuata nilifika hospitalini kabla ya Yosia. Stoo ilikuwa wazi, na Wairimu alikuwa amepiga magoti akitandika mikeka. Alikuwa mwembamba, labda ananizidi miaka mitano, kitambaa cha kichwa kimefungwa chini kabisa hadi nyusi. Nilisimama mlangoni nikamwambia mgongo wangu hauna kitu. "Najua," alisema, bila kuacha kazi. "Mtu wa mgongo anashika mgongo. Wewe unashikanga mdomo." Kisha akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi. Nilikaa. Nilimwambia kwa maneno niliyoyapata, ambayo hayakuwa mazuri: kwamba bwana yangu akinikaribia mwili unajifunga, kwamba inachoma, kwamba sijui kama nina njia, kwamba siwezi kuyasema haya mbele ya Yosia. Hakucheka. Aliitazama mikono yake kidogo, akaniambia habari za barua.

Mume wake alikuwa kizuizini mwaka wa tatu. Wao waliishi katika vijiji vile vilivyozungushiwa mitaro, na barua ikija kutoka kizuizini ilipitia ofisi ya chifu, na kwa kuwa Wairimu hakujua kusoma, karani wa ofisi alimsomea, wanaume wengine wakiwa wameketi pale kwenye benchi. "Kwa hivyo mimi najua mtu wa katikati," alisema. "Bwana yangu anaongea kwa mdomo ya huyo mtu. Mimi nikitaka kumjibu nampenda, nitaambia huyo mtu nampenda?" Akainuka, akapangusa magoti. Nikamwonyesha daftari ili ajue kwamba sikuwa nimekaa bure. Hakuweza kusoma maneno lakini tarakimu alizijua, na aliposhuka na kidole hadi kwenye zile mia, alikaa chini tena na kucheka hadi akajifunika uso kwa aproni. "Ngai! Mwalimu, wewe unapatia mpaka matako homuwaki?"

Yeye ndiye aliyemwambia Mama Mikeka. Yosia alipofika na penseli yake, Wairimu alimwambia mgongo huu umeshajua Kiswahili, aende awasaidie watoto wa miguu. Nikavushwa upande wa pili wa shuka. Mama Mikeka aliniuliza machache, kwa Kiingereza na Kiswahili, akanipima taratibu akiniambia kabla ya kila jambo, na akasema kitu ambacho nilikuwa nimengoja mwaka mzima: kwamba njia ipo, kwamba niko kama wanawake wote. Halafu akakaa sakafuni mbele yangu, viatu vyake vikubwa vikiwa vimenyooka, akaniambia nifunge ngumi. Nikafunga. Akaniambia nikaze. Nikakaza, katika hilo nilikuwa bingwa. Akajaribu kuingiza kidole chake katikati ya ngumi, hakikuingia, na mimi niliumia. "Wewe hapana dhaifu," alisema. "Wewe nguvu mingi sana. Ile mama ingine nafundisha kukaza, sababu mtoto nalegeza yeye. Wewe hapana kaza tena, hata moja. Wewe naachilia." Aliishika ngumi yangu kwa mikono miwili, akanifundisha kutoa pumzi, na vidole vikafunguka kimoja kimoja, polepole kuliko nilivyodhani vidole vinaweza. Nililia kidogo. Wairimu alitazama ukuta.

Tiba yenyewe haikuwa ya ajabu. Nililala chali, magoti juu ya blanketi lililokunjwa, mkono tumboni, nikaambiwa nipumue hadi tumbo lipande na ile sehemu ya chini ishuke, iwe nzito, kama mtu aliyefika nyumbani akaweka mzigo. Ilinichukua wiki tatu kuihisi ikishuka. Nilikuwa naishikilia tangu lini, sijui. Baadaye nilijifunza kujigusa mwenyewe bila kuogopa, kwanza kidole changu mwenyewe, kisha vijiti vya kioo, vilaini na vya mviringo, vitatu kwa ukubwa tofauti, ambavyo Mama Mikeka alinipa vikiwa ndani ya taulo na kunionyesha jinsi ya kuvichemsha. Na alitoa amri moja: miezi miwili, bwana asikaribie kabisa. "Hii nasema mimi," alisema. "Hapana wewe. Ambia yeye memsahibu nakataza." Sijawahi kupewa zawadi kama amri ile. Nilitoka pale mwepesi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna mtihani.

Nilimwambia Festo Jumapili baada ya kanisa, akiwa ananimenyea nanasi. Nilimwambia yote, na mwishoni nikamwambia kwamba nilimsikia na Senge. Kisu kilisimama.

"Ulisikia?"

"Kuta hazifiki juu."

Aliendelea kumenya, akitoa yale macho meusi ya nanasi moja moja, kazi aliyoifanya kiwandani siku sita za wiki. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi Jumamosi naiogopa kuanzia Ijumaa." Nikamwambia mimi naanza Alhamisi. Akaniangalia, nikamwangalia, na sijui ni nani aliyeanza kucheka, ila Mama Atieno alipiga ukuta kutoka upande wa pili akiuliza kuna nini kizuri tunamnyima. Miezi miwili ile ndiyo uchumba ambao hatukuwa tumeupata. Tulitembea hadi maporomoko ya Chania, tukakaa juu ya mawe na mahindi ya kuchoma. Tulilala tukiwa tumeshikana mikono, ile yake mikwaruzo mitupu, na sikuwa na jambo la kusikilizia gizani.

Na kila Jumamosi, mikeka ikishakunjwa, nilimfundisha Wairimu kusoma, upande wa nyuma wa daftari lilelile kwa sababu ndilo lililokuwepo. Alikuwa mwepesi kuliko darasa langu lote la Ruiru. Mwezi wa kumi alikuja na barua ndani ya nguo yake ya kifuani. Ilikuwa imeshasomwa ofisini wiki iliyopita. Alitaka tu kujaribu. Alisoma kwa kidole, kwa sauti: mimi mzima, hapa kuna baridi, mbuzi yule usiuze. Hapo ndipo karani alipomalizia siku zote, alisema. Lakini kidole chake kilikuwa bado kina mstari mmoja mbele. Aliusoma mara mbili kimya, midomo ikitembea. "Nakumbuka vile unachekanga." Alitoa barua nyingine tatu za zamani, zilizokunjwa hadi zikakatika, akatafuta mwisho wa kila moja, na mstari ulikuwepo kwa kila moja. "Huyo mtu alikuwa anairuka," alisema. "Kila mara anairuka." Nilikaa naye kwenye saruji mpaka aliponiambia ni lazima aende, kafyu haimngoji mtu. Alipokuwa anainuka aliomba daftari abaki nalo.

Sitasema maumivu yalikwisha kwa siku moja. Tulirudi nyuma mara mbili, na mara ya pili nilianza kupanga sababu upya, hadi Festo akaniambia tunaweza kuomba memsahibu atukataze tena. Lakini Desemba tulipanda treni, na kwenye kilima chao mambo yalikuwa kama nilivyohofia: wanaume walimsalimia Festo kwa upole uliozidi. Siku ya pili nilimfuata Senge nyuma ya nyumba, alikokuwa akiponda maharagwe. Tumbo langu halikuwa na kitu na aliliona. Nilipiga magoti, nikamwambia kwa lugha yetu, kwa maneno niliyoyatafuta njia nzima tangu Thika: "Senge, si yeye. Alisema vile kunifunika. Mimi ndiye niliyekuwa naumwa, sehemu ya wanawake, na nimetibiwa, na sasa nimepona." Aliendelea kuponda. Kisha akauliza huko kwenye mikeka wanamfanyia mtu nini hasa, nikamweleza, ngumi na pumzi na vyote, naye akaacha mchi ukiwa umesimama ndani ya kinu. Akauliza kama mtu akiwa ameumwa hivyo miaka mingi, mathalani akiwa mzee tayari, hilo wanaweza. Nilisema sijui, nadhani wanaweza. Alitikisa kichwa taratibu, akashika mchi.

"Namuulizia mtu tu," alisema.

Jioni hiyo, mbele ya watu wote, alimtengea Festo firigisi ya kuku, kipande ambacho kwetu ni cha mwanamume mwenye nyumba, akasema kwa sauti kwamba nyumba ya kijana wake haina neno na asiyeamini amuulize yeye. Habari za binti wa darasa la nne hazikutajwa tena.

Kwa hiyo, Nyambura, hiyo ndiyo hesabu uliyoniuliza, na mama yako ndiye aliyeicheka. Nimelipekua daftari usiku na mchana tangu unipe. Mia zinakoma mwezi wa nane. Baada ya hapo kuna kurasa za pumzi, dakika ngapi, asubuhi na jioni, mwandiko ukizidi kulegea, hadi Jumamosi lilipobaki kwa mama yako. Ya baadaye niliyaandika katika daftari jingine, ambalo nalo ninalo, kwa sababu mimi situpi kitu. Nimetafuta humo Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ikipiga mabati ya Thika, Festo amenuna kwa sababu moto umekataa kuwaka, halafu hakununa tena. Ijumaa yake ipo, imeandikwa. Jumatatu yake ipo. Jumamosi haipo. Nilisahau kuiandika.